Mtoto Mzito wa Kusoma Ana Haki Gani Kwetu?

Kila mtu aliyepata kufundisha, au aliyepata kuketi darasani kama mwanafunzi, anamjua mtoto tutakayemtaja leo. Yeye huketi nyuma, karibu na dirisha. Wenzake wakisoma kwa pamoja, naye hufumbua midomo ili asionekane. Walakini zamu yake ya kusoma peke yake ikifika, hushika kitabu kwa mikono miwili, hutamka silabi ya kwanza, kisha ya pili, na ya tatu inapofika, ile ya kwanza imekwisha kumtoka. Wenzake hucheka. Mwalimu hutazama saa, huona ya kuwa wakati unakwenda, husema, "Keti. Anayefuata." Jambo hili latukia katika shule nyingi, wala hapana mtu aonaye ya kuwa limetendeka neno kubwa. Sisi twaona ya kuwa limetendeka neno kubwa, nalo ndilo tunalotaka kulipima hapa.

Swali letu ni hili: mtoto yule ana haki gani kwetu? Wako wasemao ya kuwa haki yake ni kupewa mahali pa kuketi kama wengine, na asipoweza kufuata, basi, si kosa la mtu. Mungu amegawa vipawa mbalimbali, huyu hakupewa kipawa cha kitabu, na aende akashike jembe. Maneno haya yana sura ya hekima, hata ya unyenyekevu. Lakini yafaa tuyachunguze kabla ya kuyakubali, kwa kuwa aghalabu husemwa na mtu ajuaye kusoma juu ya mtu asiyejua. Ni nadra kumsikia yule wa pili akiyasema juu ya nafsi yake. Tena jembe si adhabu, wala mkulima si mtu aliyeshindwa. Mkulima naye hupewa hati ya shamba, na maelezo ya dawa, na hesabu ya mazao aliyouza. Asiyeweza kuyasoma haya hutegemea macho ya mwingine, na si kila mwenye macho ni mwaminifu.

Kwanza tuulize uzito huu ni kitu gani. Watu wengi hudhani ya kuwa mtoto asiyeweza kusoma amepungukiwa akili. Mwaka 1896 daktari mmoja Mwingereza, W. Pringle Morgan wa mji wa Seaford, aliandika katika jarida la madaktari wa nchi yake habari za mvulana wa miaka 14. Mvulana huyu alikuwa mwerevu, mwepesi katika michezo, wala hesabu hazikumsumbua. Macho yake yalikuwa mazima. Alikuwa amefundishwa kusoma tangu utoto wake. Na juu ya hayo yote maneno mafupi yalimshinda, hata jina lake mwenyewe aliliandika kwa kupindua herufi. Mwalimu wake alishuhudia ya kuwa, kama mafundisho yote yangetolewa kwa mdomo tu, kijana yule angewapita wenzake wote shuleni. Tangu siku zile wataalamu wamezidi kuuchunguza udhaifu huu, nao wanauita disleksia. Wamethibitisha ya kuwa haupimi akili ya mtu, na kwamba mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja, kama vile urefu wa kimo unavyoonekana.

Tena si kila mtoto mzito ana udhaifu huo. Mmoja haoni vema ubaoni, wala hajui ya kuwa wenzake wanaona zaidi yake, kwa sababu hajapata kutazama kwa macho ya mtu mwingine. Mwingine masikio yake yanaumwa. Mwingine huja shuleni na njaa. Mwingine alikosa muhula mzima akimwuguza mzazi wake, na aliporudi aliwakuta wenzake wamekwisha kuvuka mto. Na mwingine husema lugha nyingine nyumbani, naye hufundishwa herufi na lugha kwa wakati mmoja, kama mtu aambiwaye ajenge nyumba huku angali anafyatua matofali yake. Basi ukimwona mtoto hasomi, umeona moshi tu. Moto uko wapi, hujui bado. Kumwita mpumbavu ni kutoa hukumu kabla ya kusikia mashahidi, na jambo hilo hata baraza la kijiji halilikubali.

Hatuandiki haya kama watu wasio na hatia. Tulipata kumfundisha mvulana mmoja wa namna hii katika darasa la nne. Siku moja tuliwaambia watoto waandike habari za nyumbani kwao. Yeye aliandika mistari sita. Alisema ya kuwa bibi yake haoni tena, na kwamba kila Jumapili yeye humwongoza kwenda kanisani, bibi ameshika ncha moja ya fimbo, naye ameshika ncha ya pili. Herufi zilikuwa zimeinama, maneno mengine yameshikana, mengine yamekatwa katikati. Tulichukua wino mwekundu, tukahesabu makosa kumi na moja, tukaandika chini yake, "Andika tena mara tatu." Alitii. Nakala ya kwanza ilikuwa na makosa saba, ya pili manne, na ya tatu haikuwa na kosa hata moja. Nasi tulifurahi, tukaweka alama ya sahihi. Baadaye tulipoitazama tena tuliona imekuwaje. Kila sentensi yenye neno gumu alikuwa ameiondoa. Bibi hakuwamo tena, wala fimbo, wala njia ya kanisani. Yaliyobaki ni haya: nyumba yetu ina mlango, nyumba yetu ina paa.

Tulikuwa tumemfundisha nini mtoto yule? Tulikuwa tumemfundisha ya kuwa mtu akitaka salama katika kuandika, na aseme yasiyo na maana. Nasi tulimpa alama ya sahihi kwa kulijifunza somo hilo. Kutoka siku ile mpaka mwisho wa muhula hakuandika neno ambalo hakuamriwa kuliandika.

Ndipo tulipoanza kujiuliza kuandika ni nini hasa. Kuandika ni kusema na mtu ambaye hayupo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Rumi kwa sababu hakuwa pamoja nao. Kama angalikuwako, angalisema kwa kinywa chake. Tena barua ile haikuandikwa kwa mkono wake: aliyeshika kalamu ni Tertio, naye karibu na mwisho alitia salamu zake mwenyewe, kwa maana alijua ya kuwa upande wa pili wako watu watakaoisoma. Lakini mtoto wa shule humwandikia nani? Humwandikia mwalimu, ambaye ameketi mbele yake, tena hasomi ili ajue habari. Husoma ili aone makosa. Kwa mtoto mwepesi hili si taabu kubwa, kwa kuwa yeye hupata furaha yake katika alama. Mtoto mzito hana furaha hiyo. Yeye huambiwa alipe bei kubwa kuliko wenzake wote, wala hapewi kitu cha kununua.

Sasa twataka kuwasimulia habari za walimu wawili wa Ulaya, walioliona jambo hili kabla yetu. Mmoja hakuwa mtu wa kanisa, mwingine alikuwa padre. Walakini njia zao zilikutana.

Wa kwanza ni Célestin Freinet, aliyezaliwa mwaka 1896 katika kijiji cha Gars, kusini mwa Ufaransa. Katika vita kuu ya kwanza alijeruhiwa vibaya kifuani, mwaka 1917, akarudi hali pumzi zake ni haba. Mwaka 1920 alipewa darasa la watoto wa kijiji cha Bar-sur-Loup. Mwalimu wa siku zile alitazamiwa kunena mchana kutwa, naye hakuweza. Basi akaanza kuwatoa watoto nje, wakatazama mafundi kazini na wakulima mashambani. Waliporudi darasani walikuwa wamejaa maneno. Lakini kitabu cha kusomea kilikuwa na maneno mengine, ya watu wengine, nao walipokifungua ile furaha ilizimika. Mwaka 1924 alipata mtambo mdogo wa kupiga chapa, akauweka darasani. Watoto waliandika habari zao wenyewe. Darasa lilichagua kwa kura habari moja. Wote pamoja waliisahihisha pamoja na mwenyewe. Kisha wakapanga herufi za risasi, wakaipiga chapa, na kurasa zile zikawa kitabu chao cha kusomea.

Hapa twaomba msomaji aifikiri kazi ya kupanga herufi. Mpanga herufi hachukui neno zima kwa mara moja. Huchukua herufi moja, huitazama, huiweka. Huchukua ya pili, huitazama, huiweka. Nazo zimegeuzwa kama sura katika kioo, hata aliye hodari hana budi kwenda polepole. Mtoto mwepesi huudhika na kazi hiyo. Kwa mtoto mzito, huenda ni mara ya kwanza darasa zima kwenda kwa mwendo wake. Tena kazi ikiisha na karatasi ikiinuliwa, maandishi yake yanapendeza sawa na ya wengine, wala chapa haionyeshi kama mwandishi aliketi mbele au nyuma.

Lakini Freinet hakukomea hapo. Mwaka 1926 darasa lake lilianza kupelekeana maandishi na darasa la mwalimu René Daniel, huko Trégunc katika nchi ya Bretagne, upande wa pili wa Ufaransa, penye pwani ya bahari kuu. Watoto wa milimani waliandika habari za kwao, watoto wa pwani wakaandika za kwao. Sasa makosa ya kuandika yalipata maana mpya. Zamani neno likikosewa, mtoto alipungukiwa alama. Sasa neno likikosewa, mtoto wa Trégunc hatafahamu, naye ataandika kuuliza. Mtoto aliyekataa kusahihisha kwa ajili ya mwalimu hukubali kusahihisha kwa ajili ya rafiki asiyemwona, kwa kuwa rafiki yule anangoja.

Mwalimu wa pili ni padre Lorenzo Milani, aliyezaliwa Firenze, nchini Italia, mwaka 1923. Mwezi wa Desemba 1954 alipelekwa Barbiana, parokia ndogo ya nyumba zilizotawanyika mlimani, ambako wakati ule hapakuwa na barabara ya kufika kanisani wala umeme. Huko aliwakuta watoto wa wakulima ambao shule za serikali ziliwaangusha katika mitihani zikawarudisha nyumbani. Akawafungulia shule ndani ya nyumba ya parokia. Ilifundisha mchana kutwa, mwaka mzima, na wakubwa waliwafundisha wadogo. Ukutani palikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo maana yake kwa lugha yetu ni kwamba jambo hili lanihusu. Na desturi ya shule ile ilikuwa hii: aliyekuwa nyuma alihesabiwa kuwa wa kwanza, mpaka amefahamu, wenzake hawakuendelea mbele.

Mwaka 1963 mwalimu Mario Lodi, aliyefundisha huko Vho karibu na Piadena, naye akifuata njia za Freinet, alifika Barbiana kumwona padre. Kutokana na ziara ile vijana wa Barbiana walianza kuwaandikia barua watoto wa Piadena, wote kwa pamoja. Kila mmoja aliandika mawazo yake, kila wazo katika kikaratasi chake. Vikaratasi vikawekwa mezani, vikapangwa kwa mafungu. Yaliyofanana yakaunganishwa, yasiyo na kazi yakaondolewa, maneno magumu yakabadilishwa kwa mepesi. Kisha wakawasomea watu wa nje, ili waone kama yamefahamika. Katika kazi ya namna hii mtoto mzito hawezi kuachwa, kwa maana kikaratasi chake kiko mezani pamoja na vingine, na huenda wazo lake ndilo lililokosekana kwa wote.

Kwa njia hiyo hiyo vijana wanane wa shule ile waliandika kitabu kizima, barua kwa mwalimu wa kike ambaye hawakumtaja jina, kilichopigwa chapa Firenze mwezi wa Mei 1967. Sheria ya mwisho wa mwaka 1962 ilikuwa imewafungulia watoto wote wa Italia shule ya kati. Vijana hawa wakaonyesha, kwa hesabu walizozikusanya, ya kuwa waliokuwa wakiangushwa na kuondolewa walikuwa hasa watoto wa maskini. Padre Milani alifariki tarehe 26 Juni mwaka ule ule, akiwa na umri wa miaka 44. Kitabu kilitafsiriwa kwa lugha nyingi. Nasi twaona neno la ajabu katika habari hii: vijana ambao shule zilisema hawawezi kuandika waliandika barua ambayo walimu wa nchi nyingi wameisoma. Palikuwa na mtu wa kuambiwa na neno la kumwambia. Ndipo lugha ilipokuja.

Hata katika nchi zetu jambo hili si geni. Mwaka 1888 misheni ya Waingereza huko Unguja ilianza kupiga chapa gazeti la Msimulizi kwa Kiswahili, na mwezi wa Januari 1923 gazeti la Mambo Leo lilianza Dar es Salaam. Wasomaji wa Mambo Leo walipeleka barua na mashairi, na mtu wa kijiji cha mbali aliyaona maneno yake yamesafiri na kurudi. Baadaye, serikali ya Tanzania ilipoufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kisomo kilipoenea vijijini, ilionekana ya kuwa mtu mzima aliyejifunza herufi akikosa la kusoma huzisahau upesi. Ndipo katika mikoa ya Ziwa likatolewa gazeti kwa ajili ya wasomaji wapya, jina lake Elimu Haina Mwisho. Herufi ni kama njia ya msituni: isipopitwa na watu, majani huifunga.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, kwa kuwa hoja zao si za kudharauliwa.

Wa kwanza husema: mkimwachia mtoto aandike ya moyoni mwake na kuyasambaza, mtasambaza makosa yake, naye ataaibika mbele ya watu. Hoja hii ni ya kweli nusu. Makosa hayafai kutangazwa; ndiyo sababu darasa la Freinet lilisahihisha kabla ya kupiga chapa, na vijana wa Barbiana walipitia kila neno. Aliyeandika ana haki ya kusaidiwa kuvaa nguo safi kabla ya kutoka barazani. Tena asitoke kama hataki: mtoto asiyependa habari zake zisomwe na watu asilazimishwe, kwa maana siri ya nyumba si mali ya mwalimu. Lakini aibu tunayoiogopa mtoto anayo tayari, huipata kila siku anapoambiwa, "Keti. Anayefuata."

Wa pili husema: barua hazifundishi herufi. Neno hili ni la haki, nasi twalikubali lote. Mtu anayeshindwa kutofautisha b na d hatatofautisha kwa sababu tu ana rafiki wa mbali. Anahitaji mwalimu mvumilivu atakayemrudisha kwenye sauti na herufi zake, moja baada ya moja, kwa utaratibu, kila siku kidogo, naye azione, azitamke, azichore kwa kidole. Lugha yetu ina neema katika jambo hili, kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Lakini neema hiyo ina hatari yake: mtoto aweza kutamka mstari mzima, tena bila kosa, na ukimwuliza umesoma nini, akakutazama tu, kana kwamba amebeba mzigo uliofungwa asijue kilichomo. Basi mafundisho ya herufi humpa ufunguo, na msomaji anayengoja humpa sababu ya kufungua mlango. Hapana la kuchagua kati ya hayo mawili; mwenye moja bila la pili hukaa nje vile vile.

Wa tatu, naye ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote, husema: nina watoto hamsini. Nikikaa na mmoja, arobaini na tisa wamekaa bure. Je, ni haki kuwanyima wengi kwa ajili ya mmoja? Mwalimu asemaye hivi mara nyingi ni mwalimu mwema aliyechoka, wala hatuthubutu kumlaumu. Twajua ya kuwa Bwana wetu alisimulia habari za mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na kenda akamtafuta mmoja. Lakini mfano ule usitumiwe kama fimbo ya kumpigia mwalimu mmoja mwenye darasa la watoto hamsini. Twajibu hivi. Kama mafundisho ni mali igawanywayo kama mkate, hoja ni sahihi: akila mmoja zaidi, mwingine atapungukiwa. Lakini si hivyo. Mkubwa anayemfundisha mdogo hajapoteza saa yake. Aliyedhani anafahamu somo hugundua, anapoulizwa na mwenzake, ya kuwa alilikariri tu. Walioendelea mbele bila kumngoja mwenzao wamejifunza somo jingine pia, lisiloandikwa ubaoni: ya kuwa aliyeanguka njiani si kazi yao. Na somo hilo, kijiji kitalilipia baadaye kwa bei kubwa.

Tena deni hili si la mwalimu peke yake, na hapa ndipo tunapotaka kufika. Shule ina mwalimu mmoja, lakini kijiji kina wasomaji wengi. Twakumbuka habari ya Mwethiopia katika Matendo ya Mitume, mtu mkubwa, mtunza hazina, aliyekuwa akisoma chuo cha nabii garini mwake asifahamu. Filipo hakumpigia kelele kutoka kando ya njia akihesabu makosa yake. Alimwuliza kama anafahamu, kisha akapanda, akaketi karibu naye, wakaenda pamoja. Kuketi karibu na mtu asomaye kwa shida ni kazi ambayo kila Mkristo ajuaye kusoma aweza kuifanya, wala haihitaji cheti.

Haya yanahitaji fedha kidogo sana. Mtambo wa chapa hatuna, lakini tuna karatasi, na ubao wa matangazo mlangoni pa kanisa. Ukurasa mmoja kila mwezi, wenye habari nne au tano za watoto zilizoandikwa vizuri, waweza kubandikwa pale, na watu wakausoma wanapotoka ibadani. Shule mbili za mabonde mawili zaweza kupelekeana barua kwa mtu yeyote aendaye sokoni. Mtoto aweza kuwasomea wazee wasiosoma, ambao hawatamcheka, kwa kuwa wanataka habari, nao wana subira. Lakini pawe na sharti moja kwa msomaji: ajibu habari kwanza, kosa baadaye. Mtoto akikuandikia ya kuwa mbuzi wao amezaa mapacha, muulize wana rangi gani. Ukikwisha kujibiwa, ndipo umwonyeshe ya kuwa neno mbuzi aliliacha herufi moja. Anayeanza na kosa amemwambia mwandishi ya kuwa hakuja kumsikia.

Basi twarudi kwenye swali letu. Mtoto mzito wa kusoma ana haki ya kufundishwa herufi kwa subira, na haki ya kutohukumiwa akili yake kwa ajili ya ulimi wake. Na zaidi ya hizo, ana haki ya kuwa na mtu mmoja, popote alipo, anayetaka kujua anachosema. Mbili za kwanza ni deni la mwalimu. Ya tatu ni deni letu sote, na asiye mwalimu asijidhani kuwa huru.

Mvulana wetu wa darasa la nne tulimwita muhula uliofuata, tukamwomba radhi, tukamwomba pia atusimulie tena habari ya fimbo. Alitazama chini kwa muda mrefu, kisha akasimulia. Tuliiandika pamoja kwa siku tatu, tukaibandika mlangoni pa kanisa kwa idhini yake na ya bibi. Jumapili ile alisimama na bibi mbele ya ubao akamsomea, polepole, kidole chake chini ya kila neno. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema ya kuwa habari ina kosa: ameusahau mwembe, ambapo wao hupumzika kila mara kabla ya kupanda kilima. Mvulana alitujia mbio kuomba kalamu. Neno mwembe aliliandika vibaya, akalifuta, akaliandika tena, akalifuta, akaliandika mara ya tatu. Wala hapana mtu aliyemwamuru.